Fundi Anajibu: Pwani Maji Yapo ya Kutosha, Usiongeze

Toleo lililopita nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba karakana yangu ya Mombasa hurekebisha pia mifuniko ya mabweta ya mabiri, yaani visanduku vya kutunzia zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku. Mstari huo umeleta barua nyingi kuliko makala yote ya milango ya Lamu, ambayo niliiandika kwa jasho. Haya, safu ya leo yote ni ya mabiri. Mjue mapema kwamba mimi mwenyewe sivuti tena. Daktari wa kifua alinikataza, na hakunionea. Lakini pua ninayo, na mbao nazijua.

*Salaam Fundi. Mwanangu aliniletea kutoka Dubai bweta la mbao linalong'aa, lenye saa ya shaba ya kupimia unyevu. Kijitabu chake kinasema nipanguse ndani kwa kitambaa chenye maji, kisha nilowanishe sponji kila wiki mbili mpaka mshale ufike 70. Nimefuata yote. Mshale unasoma 68, lakini mabiri manne yameota vumbi jeupe. Rafiki yangu ananiambia nifurahi, eti ni dalili ya biri kukomaa. Ni kweli?*
*Baba Swaleh, Kizingo, Mombasa*

Baba Swaleh, itoe hiyo sponji sasa hivi, kisha urudi tuendelee.

Kijitabu chako hakikusema uongo, ila kimeandikiwa mtu mwingine. Kimeandikiwa mtu wa Hamburg au Chicago, ambaye Januari anawasha joto la nyumba, na hewa ya sebuleni inakauka mpaka midomo inapasuka. Yule kazi yake ni kuongeza maji. Wewe uko Kizingo, dirisha linatazama bahari. Asubuhi unyevu wa nje unapita asilimia 80, na hata alasiri ya jua kali haushuki sana chini ya 60. Biri linataka kama 65. Ukitia maji ndani ya bweta ambalo limeshakunywa hewa ya bahari, unafuga ukungu. Sisi wa pwani kazi yetu ni kufunga vizuri na kupunguza, basi.

Hapa nizungumze kama seremala. Ubao ni kitu kinachopumua. Ukikaa katika hewa ya asilimia 80, hushika maji kiasi cha asilimia 16 hivi ya uzito wake. Ukikaa katika hewa ya 65, hutulia karibu na 12. Kwa hiyo bweta jipya lililoshinda miezi kwenye ghala la bandarini lina maji ya ziada ndani ya mbao zake, nawe umelipangusa kwa kitambaa kibichi! Bweta la namna hiyo hukaushwa kwanza: liache wazi, tupu, kwenye chumba chenye kiyoyozi kwa wiki moja au zaidi, huku kipimo kikiwa ndani, mpaka lisome karibu na 60. Ndipo mabiri yaingie.

Sasa hilo vumbi. Wapo wavutaji wa miaka mingi wanaoamini kwamba mafuta ya tumbaku hutoka juu ya jani na kuganda kama unga mweupe, na kwamba unga huo ni heshima. Mabweta mengi yamepita mezani kwangu, na kila nilipoweka lenzi juu ya unga huo nimeona ukungu. Jaribu mwenyewe. Ukiona nyuzi zimesimama, au madoa ya duara, au rangi ya kijani au buluu, hakuna la kubishana. Ukungu mweupe ulioko juu ya jani la nje peke yake, utoe kwa brashi laini nje ya nyumba, na biri hilo ulitenge na wenzake. Ukiwa umeingia kwenye ncha ya kuwashia, kati ya majani ya ndani, tupa. Usimpe mlinzi. Bweta nalo lipanguse ndani kwa spiriti ya hospitali na uliache wazi mpaka harufu yote iishe.

Imebaki saa ya shaba. Nyingi ya hizo ni pambo; ndani mna kijispringi kinachosoma kinavyopenda chenyewe. Ipime hivi. Chukua kizibo cha soda, kijaze chumvi ya jikoni, dondoshea maji tone moja moja mpaka chumvi iwe kama mchanga wa ufukweni maji yanapoanza kupwa: imelowa, lakini maji hayaelei juu. Weka kizibo na saa yako ndani ya mfuko wa zipu au chombo kinachofunga, usivigusanishe, uache mpaka kesho yake. Chumvi iliyolowa hivyo huiweka hewa iliyofungwa kwenye asilimia 75, iwe nyuzi 25 au 30. Hiyo ni tabia ya chumvi yenyewe, wala haitegemei pakiti ya duka gani. Ikiwa saa yako itasoma 62, ujue inapunguza 13, na ile 68 uliyokuwa ukijivunia ilikuwa 81. Sitashangaa hata kidogo. Nunua kipimo kidogo cha dijitali, nacho ukipitishe kwenye chumvi hiyo hiyo, maana hata hivyo vipya hukosea kwa asilimia mbili tatu.

Badala ya sponji tia pakiti za Boveda, zilizoandikwa 62 au 65. Ndani yake mna maji na chumvi nyuma ya ngozi inayopitisha mvuke tu, kwa hiyo hutoa unyevu ukipungua na humeza ukizidi. Pakiti ya gramu 60 hutosha mabiri 25. Ya 69 au 72 waachie wa Hamburg. Na uitazame pakiti yenyewe, kwani inasema ukweli kuliko saa: ikiwa ngumu imejaa punje, hewa yako ni kavu, ikivimba na kulegea kama kibofu, bweta linavuja, na unyevu wa nje unaingia kwa kasi kuliko inavyoweza kumeza.

Kujua kama linavuja, washa tochi ya simu, iweke ndani, funga mfuniko, zima taa za chumba. Mstari wa mwanga ukiuona kwenye ukingo, hapo ndipo bahari inapopitia. Ukishindwa kuurekebisha, niletee.

*Shikamoo Fundi. Mume wangu anatimiza miaka 60, nami nataka kumtengenezea kasha la njumu la kuwekea mabiri yake. Fundi mmoja hapa amenishauri ubao wa mkafuri kwa sababu wadudu hawausogelei. Mwingine ananiambia mtarakwa kutoka Kenya ndio hasa unaotumiwa na Wazungu. Nimsikilize nani?*
*Bi Harusi wa Zamani, Mkunazini, Unguja*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumtunza hadi hapo. Usimsikilize yeyote kati yao.

Mkafuri wadudu hawausogelei kwa sababu unanuka, na tumbaku hunyonya kila harufu iliyo karibu nayo. Mwezi mmoja tu ndani ya mkafuri, na bwana atavuta dawa ya kuchua. Mtarakwa ndio uliotumika kutengenezea penseli na nguzo za ua kule kwenye milima ya Kenya. Mbao nzuri, haziozi, nazipenda. Lakini mafuta yake ni makali, na ladha yake huingia ndani ya biri na haitoki.

Ubao wa kazi hiyo ni msederela, ule ambao watu wa misitu huuandika Cedrela odorata. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi, lakini si lazima uagize mbali. Ulipandwa Tanzania zamani, ukapapenda mno, na sasa katika msitu wa Kimboza huko Morogoro umekuwa mvamizi unaosonga miti ya asili. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi, mwepesi, harufu yake ni tamu na ya upole, na haulewi maji ovyo. Nunua mbao zenye kibali cha misitu, na zilizokauka kwelikweli. Msederela usiokauka hutoa utomvu kwa ndani, matone yanayonata kama asali, na biri likigusa hapo jani lake huchanika. Ndani pasipakwe vanishi, wala rangi, wala mafuta ya aina yoyote. Nje apake anavyotaka.

Sasa nikupe ushauri wa kunikosesha kazi mimi na fundi mwenzangu. Kasha la njumu, hata likiwa na komeo, halifungi kiasi cha kuzuia hewa. Basi mtengenezee la msaji, lenye njumu na komeo zake, aliweke sebuleni wageni walione. Ndani yake tia chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, kile chenye kufuli nne pembeni na mpira unaozunguka mfuniko. Kioshe kwa maji ya magadi, kiache wazi juani mpaka hakinuki plastiki wala pilau, kisha weka vipande viwili vya msederela chini, pakiti ya 65, kipimo na mabiri. Chombo hicho kwa pwani yetu kinashinda mabweta mengi ya bei ya kutisha, na wateja wangu wenye mabiri ya maana wote wamehamia huko. Bweta wanabaki nalo kwa ajili ya yale ya wiki hii.

Moja zaidi, kwa kuwa wewe ni mwenyeji wa Mkunazini. Kabati mnalofukiza udi, au mlilotia vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, kasha lisikae humo wala karibu yake.

*Shikamoo Fundi. Nina mabiri kumi na tano ya Nikaragua. Nimeyaweka kabati la juu jikoni kwa sababu ndipo watoto hawafiki. Juzi nimekuta tundu kama la sindano kwenye mabiri mawili na unga wa kahawia chini. Wakati huohuo mke wangu ametupa bizari yake, imejaa wadudu. Kuna uhusiano?*
*Juma, Mikocheni, Dar es Salaam*

Upo, Juma, tena wa damu. Huyo ni fukusi wa tumbaku, mdudu wa kahawia mwenye urefu wa milimita mbili hadi tatu, kichwa amekiinamisha kama anayetafuta sarafu. Jina lake la kitabuni ni Lasioderma serricorne. Wanamwita wa tumbaku, lakini anakula bizari, pilipili ya unga, tangawizi kavu, giligilani, hata chakula cha paka. Sijui nani alimwambukiza nani nyumbani kwako, bizari au Nikaragua. Njia zote mbili zinawezekana.

Jambo la kuelewa ni hili: mayai mara nyingi yanakuja na tumbaku yenyewe kutoka ghalani, hayaonekani, na hayana neno mradi kuna baridi. Anayeyaamsha ni joto. Mdudu huyu hustawi hasa karibu na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70, yaani kabati lako la juu, ambako mvuke wa ugali na joto la jiko hupanda na kukaa. Chini ya nyuzi 18 anazubaa. Ndiyo sababu mtu wa Ulaya anaweza kuvuta maisha yake yote bila kumwona, na wewe umemwona kabla ya mwaka kwisha.

Fanya hivi leo. Mabiri yenye matundu yapigepige taratibu juu ya karatasi nyeupe. Unga ukitoka, au kijifunza cheupe kilichojikunja, choma au tupa nje ya nyumba. Yaliyobaki yote, hata yanayoonekana mazima, yatie kwenye mfuko wa zipu, toa hewa, kisha mfuko huo ndani ya mfuko mwingine. Mifuko miwili si anasa: friza la Dar lina pweza na changu ndani. Weka kwanza friji la kawaida siku nzima, ndipo friza. Friza linaloshika nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri huua mayai kwa siku tatu nne, lakini friza la nyumbani hufunguliwa kila saa, kwa hiyo acha wiki. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, hesabu inaanza upya. Baada ya hapo rudisha friji siku nzima, kisha yaache yapate joto la chumba *mkiwa hamjafungua mfuko*. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu: wanafungua biri likiwa la baridi, hewa ya Dar inalirukia, umande unalifunika, na jani la nje linapasuka lote.

Yakitoka, yasirudi jikoni. Chumba cha kulala chenye kiyoyozi, chini ya kitanda au chini kabisa ya kabati, ndani ya chombo chenye mpira. Hewa ya joto hupanda, kwa hiyo sakafuni ndipo mahali pake. Kwa watoto, tia kufuli.

*Assalaam alaykum. Tunakaa Muscat. Nyumba ina kiyoyozi mchana na usiku, na mabiri yangu hukauka hata nikitia pakiti ya 65. Halafu kila Julai tunakwenda Unguja mwezi mzima na tunazima umeme wote. Nimefikiria kununua lile friji dogo la chupa za mvinyo, ambalo watu hulitumia kwa mabiri. Unasemaje?*
*Abu Nasra, Al Khuwair*

Wa alaykumu ssalaam. Wewe ndiye wa kwanza leo ambaye kile kijitabu cha Baba Swaleh kinamfaa nusu. Kiyoyozi kinachofanya kazi saa zote hukamua maji hewani, na nyumba yenu inakuwa kavu ingawa bahari iko pale. Tia pakiti ya 69, mbili badala ya moja, na uhakikishe mfuniko unafunga. Pakiti ikikauka upesi, tatizo ni mfuniko.

Friji dogo linafaa, nami nalipenda kuliko bweta kwa nchi za joto, lakini lijue tabia yake. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji. Hewa ya nyuzi 20 haiwezi kupita gramu 17. Sasa chukulia hewa ya jikoni ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75: ina gramu kama 23. Unapofungua mlango na hewa hiyo ikaingia kwenye friji lililowekwa nyuzi 20, gramu sita hazina pa kukaa. Zinakuwa matone, ukutani na juu ya mabiri. Kwa hiyo friji likae kwenye chumba kilicho baridi tayari, si barazani wala stoo. Mabiri yakae ndani ya chombo chao kilichofungwa, humo ndani ya friji. Kazi ya friji iwe ni joto tu, unyevu uachie pakiti. Liweke nyuzi 18. Kuna aina isiyo na kompresa, ya kimya. Hiyo haikaushi sana na haitikisi, lakini nguvu yake ni ndogo, na chumba kikifika nyuzi 40 haitaweza kushuka hadi 18.

Ndipo tunafika kwenye Julai yenu. Nyumba iliyofungwa Muscat mwezi huo si mahali pa kuacha tumbaku, na mfuniko mzuri hausaidii kitu dhidi ya joto. Mwombe ndugu asiyesafiri akuwekee chombo kizima, kama kilivyo, chumbani kwake. Vinginevyo acha kiyoyozi cha chumba kimoja kidogo kwenye nyuzi 25 na uzime kwingine kote. Mabiri yakikuharibikia, gharama yake ni zaidi ya umeme huo. Kuyabeba kwenda nayo Unguja ni jambo jingine: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humruhusu abiria mtu mzima kuingia na tumbaku ya jumla ya gramu 250 bila ushuru, sigara na mabiri pamoja. Biri nene moja lina uzito wa gramu 15 au zaidi. Piga hesabu kabla ya kufunga sanduku.

*Fundi, marehemu baba ameacha sanduku la mabiri ya Kuba, 25, halijafunguliwa ila mara moja. Chini yake pamechomwa maandishi "Habanos s.a., Hecho en Cuba, Totalmente a mano", na kuna muhuri wa wino wenye herufi tatu, kisha "ABR 03". Lilikaa kwenye meza yake ya kazi bila kitu chochote cha unyevu. Yanatoa mlio wa karatasi nikiyabonyeza. Yamekufa? Na kama hayajafa, niyaache yazeeke zaidi au yavutwe?*
*Wambui, Lavington, Nairobi*

Pole kwa msiba, Wambui. Mzee wako alikuwa na jicho.

Maandishi yale yanasomeka. "Totalmente a mano" maana yake yamefungwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho, na maneno hayo yalianza kuchomwa kwenye masanduku mwaka 1989. Jina la Habanos s.a. lilichukua nafasi ya Cubatabaco mwaka 1994. Herufi tatu za wino ni alama ya siri ya kiwanda. ABR ni Aprili kwa Kihispania, kwa hiyo yaliwekwa sandukuni Aprili 2003. (Akija mtu kukuuzia sanduku lenye ENE, ni Januari, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba.)

Kufa hayajafa kwa lazima. Biri lililokauka likiwa zima hurudi, ila sehemu ya mafuta yenye harufu huwa imekwisha kwenda, na hiyo haitarudi kwa ujanja wowote. Kosa la kuepuka ni haraka. Ukiyatia moja kwa moja kwenye 69, majani ya ndani yanavimba kabla ya jani la nje kulainika, na la nje linapasuka kuanzia nchani. Yaache ndani ya sanduku lao, usiyatoe moja moja, weka sanduku zima ndani ya chombo chenye mpira. Mfuniko wa sanduku uwe wazi kidogo tu. Anza na pakiti ya 58 kwa wiki tatu nne, kisha 62 muda huohuo, kisha 65 na usipande tena. Kila wiki geuza tabaka la juu liende chini. Ukibonyeza kwa vidole viwili katikati, biri liitike na kurudi, kimyakimya. Likifika hapo, limepona.

Umeuliza kama yazeeke zaidi. Biri changa lina amonia ndani yake, masalio ya kuchachuliwa kwa majani; ndiyo ile inayochoma pua unapofungua sanduku jipya. Mwaka wa kwanza na wa pili inatoka polepole, na ladha zinaanza kukaa pamoja. Mabiri mazito, yenye majani ya juu ya mche yaliyopigwa jua, hunufaika kwa miaka mitano hadi kumi. Mepesi hufifia mapema. Kuzeeka hakuongezi kitu ambacho hakikuwamo. Biri baya la miaka kumi ni biri baya, ila sasa lina nidhamu. Ya mzee wako yameshazeeka vya kutosha, tena kwa tabu. Yakipona, yavutwe na waliomjua.

Na ujue kwamba Nairobi ni mahali pazuri kuliko Mombasa kwa kazi hii, ingawa linaniuma kuliandika. Mko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, usiku ni baridi, fukusi hapati raha. Mnachokosa ni unyevu wa mchana miezi ya Januari na Februari. Pakiti moja na chombo kinachofunga, hakuna kingine.

*Maswali mafupi*

Msomaji wa Dodoma anauliza kama atumie maji ya betri kwenye sponji. Hapana! Chupa za gereji hujazwa chochote, na nyingine zimewahi kushika asidi. Dodoma kwa kiangazi chake sponji naielewa, lakini nunua maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, kwenye duka la dawa au la vifaa vya maabara. Maji ya bomba yana madini yanayoziba sponji, tena yanaanzisha ukungu.

Mwingine, kutoka Columbus, Ohio, anasema theluji imeanza na mabiri yake yanapasuka. Ndugu yangu, wewe ndiye uliyeandikiwa kijitabu. Fuata.

Kijana wa Tanga ana mabiri yenye ladha ya vanila na rumu pamoja na ya kawaida ndani ya chombo kimoja. Yatenge leo. Ndani ya wiki chache yote yatanuka vanila, na chombo chenyewe pia, hata ukikiosha.

Na Bi Mwanaisha wa Kilifi anauliza kuhusu karatasi ya selofani, avue au aache. Selofani hupitisha mvuke, kwa hiyo biri hupumua humo, taratibu kidogo. Ukitaka yazeeke kwa pamoja, vua. Ukiwa na wasiwasi wa fukusi, au wajukuu wanaoshikashika, acha. Mdudu akitoboa la kwanza, selofani itamchelewesha kufika la pili. Ikigeuka rangi ya chai baada ya miaka, ni mafuta ya tumbaku hayo, msiitupe kwa kudhani ni uchafu.